Kulala Kifudifudi: Maana ya Neno Hili na Matumizi Yake Katika Ibada

Masomo ya kusoma kwanza: Yoshua 7:6-13, Mathayo 26:36-46, Matendo 10:24-26, Warumi 16:1-2.

Mufungue Biblia zenu, muweke na kalamu karibu, kwa maana somo hili lina neno la kujifunza na lina neno la kutenda.

1. JUU YA NINI TUNALETA SOMO HILI

Kuna papa mmoja wa kanisa letu, mtu wa maombi, mwenye wajukuu wengi. Alikwenda Zambia kumtembelea mtoto wake, akashikwa na ugonjwa huko. Usiku aliamka mara tano, mara sita kwenda haja ndogo, na mkojo ulitoka kwa shida, matone matone. Walimpeleka kwa munganga, akaandikiwa karatasi kwa Kiingereza. Akarudi nayo mfukoni kupitia Kasumbalesa.

Hapa kwetu watu wamejifunza Kifaransa, Kiingereza ni cha wachache. Kijana mmoja wa jamaa yake, aliyejifunza Kiingereza kidogo shuleni, akachukua kamusi. Neno lililoandikwa na munganga lilikuwa «prostate». Kifaransa nacho kina neno hilohilo, lakini katika lupango lile hakuna aliyelijua. Kijana akashuka na kidole katika ukurasa, akafika kwenye neno lililo jirani: «prostrate». Maana yake: aliyelala kifudifudi. Akamwambia babu yake, «Munganga ameandika kwamba unapaswa kulala kifudifudi.»

Papa akafurahi sana. Alifikiri hata wanganga wa Zambia wanajua nguvu ya maombi. Majuma matatu akatandika mkeka, akalala na tumbo, uso chini, usiku na mchana, akiomba. Ugonjwa ukaongezeka. Siku moja mkojo ukakataa kabisa kutoka, tumbo la chini likavimba kama ngoma. Sisi mashemasi tuliitwa saa nane za usiku. Tuliomba, kisha tukamweka juu ya pikipiki kati ya watu wawili, tukampeleka hospitali. Wakamtia mpira, mkojo ukatoka, uhai ukarudi machoni pake. Baadaye alipasuliwa. Leo ni mzima, na yeye mwenyewe ametupa ruhusa ya kueleza maneno haya bila jina lake, ili mwingine asiingie katika shimo lile.

Habari iliposikiwa kanisani, watu walicheka. Sisi tulicheka pamoja nao, kisha tukaona haya. Kwa maana tulipoulizana, «Na sisi wenyewe, je, tunajua maana ya kulala kifudifudi? Tunafanya hivyo kila ibada ya usiku. Ni juu ya nini?» kila mmoja alikuwa na jibu lake. Kwa hiyo wazee wa kanisa wakasema: liandikwe somo.

2. NENO LENYEWE

Neno «prostrate» la Kiingereza, pamoja na «se prosterner» la Kifaransa, yamezaliwa na mama mmoja, ndiyo lugha ya Kilatini. Kuna sehemu mbili ndani yake: «pro», yaani mbele, na «sternere», yaani kutandika, kutandaza. Basi maana ya kwanza ni kujitandika mbele ya mtu, kama vile mama anavyotandika mkeka mbele ya mgeni. Si kuanguka kwa kujikwaa. Ni kujilaza, mwili wote, kama kitu kilichotandikwa ili mwingine apite.

Neno hilo linatumika kwa njia tatu. Ya kwanza ni ile ya ibada au ya heshima: mtu anajilaza uso chini mbele ya Mungu au mbele ya mfalme. Ya pili ni ya huzuni au ya kuchoka: mtu aliyeangushwa na kifo cha mtoto wake, asiye na nguvu ya kuinuka, Waingereza humwita kwa neno lilelile. Ya tatu ni ya mimea: mmea unaotambaa chini bila kuinua shina, kama majani ya viazi vitamu katika shamba, nao huitwa hivyo.

Kuna neno lingine la Kiingereza la ulalo huu, ndilo «prone». Hilo halina habari ya ibada. Ni neno la wanganga na la askari: mwili umelala na tumbo, basi. Wakati wa ugonjwa wa Covid, mwaka 2020, wanganga katika inchi nyingi waliwageuza wagonjwa walioshindwa kupumua, wakawalaza kifudifudi, kwa sababu ulalo huo husaidia mapafu kupokea hewa. Lakini mama wenye watoto wachanga wasikilize: kwa mtoto mchanga ni kinyume. Wanganga wanafundisha kwamba mtoto mchanga alazwe chali anapolala usingizi, kwa maana kulala kifudifudi kunaweza kumwua. Neno «prone» lina maana ingine tena: mtu mwenye kuelekea upande fulani, kama mti ulioinama, mwepesi wa kuanguka katika hasira au katika pombe. Hapo tunaona kwamba kuna kulala chini kwa kutaka, na kuna kuinama upande wa mabaya pasipo kutaka.

Sasa tulitazame lile neno «prostate» lililotuletea shida. Limetoka katika Kiyunani, na maana yake ni «anayesimama mbele». Ni jina la tezi ndogo ya mwanaume, iliyo chini ya kibofu cha mkojo. Inasimama hapo kama mlinzi mlangoni. Mwanaume akizeeka tezi hii hukua, ikabana njia ya mkojo. Mapapa wote wenye miaka 50 na zaidi wajue hayo, wasifiche. Mkojo ukitoka kwa shida, au ukiwa na damu, uende kwa munganga mapema. Kanisa litaomba pamoja nawe, na litakusindikiza.

Ndugu, tazama tofauti. Herufi moja tu, ndiyo «r». Mmoja amelazwa mbele, mwingine anasimama mbele. Tushike maneno haya mawili mkononi, tutayarudia mwishoni.

3. MANENO YETU YA KISWAHILI

Kiswahili ni tajiri hapa, tusichanganye maneno.

(a) Kuinama ni kushusha kichwa na mgongo, miguu ikiwa imesimama.

(b) Kupiga magoti ni kushusha magoti chini, mwili ukiwa wima.

(c) Kusujudu ni kushusha magoti, mikono na paji la uso mpaka chini. Neno hili limetoka katika Kiarabu, na ndugu yake ni neno msikiti, maana yake mahali pa kusujudu. Ndugu zetu Waislamu hugusisha chini viungo saba: paji la uso pamoja na pua, mikono miwili, magoti mawili, na vidole vya miguu yote miwili. Wakristo wa Etiopia nao wana neno la ukoo huohuo, na siku ya Ijumaa Kuu wanasujudu mara nyingi sana katika makanisa yao. Basi mtu asiseme kwamba kusujudu ni kwa Waislamu peke yao.

(d) Kulala kifudifudi, wengine husema kifulifuli, ni kulala na tumbo mzima mzima, uso ukielekea chini. Katika Kiswahili chetu cha Kambove tunasema kulala na tumbo, uso chini. Kinyume chake ni kulala chali.

Katika Agano Jipya la Kiyunani kuna neno «proskuneo», lenye maana ya kumwelekea mtu na kumbusu kwa heshima. Waliotafsiri Biblia ya Kiswahili mara nyingine waliandika kusujudu, mara nyingine kuabudu. Wenye hekima wa Mathayo 2:11 walianguka chini kwa mwili. Lakini katika Yohana 4:23-24, Bwana anapozungumza na mwanamke Msamaria, neno ni lilelile, na hapo hasemi habari ya magoti wala ya tumbo. Anasema habari ya roho na kweli. Kwa hiyo mwili unaweza kulala chini na roho ikabaki imesimama na kiburi chake. Na mgonjwa asiyeweza kushuka kitandani anaweza kumsujudia Mungu kweli.

4. WAZEE WETU NA ULALO WA HESHIMA

Wengine husema kwamba kulala chini ni desturi ya kigeni. Si kweli. Wazee wetu walijua kumheshimu mkubwa kwa mwili wote. David Livingstone alipofika kwa Shinte, chifu wa Walunda, mwaka 1854, aliona watu wakichukua mavumbi na kujipaka kifuani na mikononi mbele ya chifu. Katika ufalme wa Waluba nako watu walijipaka udongo mweupe mbele ya mfalme. Wabemba wa Zambia humsalimu Chitimukulu kwa kulala chali, kujigeuza upande huu na upande huu, na kupiga makofi. Mbali huko Nigeria, kijana Myoruba humsalimu mzee kwa kulala kifudifudi, na msichana hupiga magoti.

Katika desturi hizi zote mtu anasema jambo moja kwa mwili wake: «Sina silaha. Sitakimbia. Wewe ni mkubwa, mimi ni mavumbi.» Mtu aliyelala kifudifudi hawezi kupigana, hawezi kukimbia, hata kuona anayemjia hawezi. Amejitoa.

5. ULALO WA FIMBO

Lakini tuseme na neno gumu. Tulipoanza kujifunza somo hili, papa mmoja aliyezaliwa mbele ya uhuru alisimama akasema, «Mimi sitalala kifudifudi hata kidogo. Huo ni ulalo wa fimbo.» Wote tukanyamaza, kwa maana alisema kweli.

Wakati wa Wabeleji, mtu aliyehukumiwa fimbo alilazwa chini na tumbo, nguo ikashushwa, wengine wakamshika mikono na miguu, askari akapiga kwa kiboko, na wakubwa wakahesabu. Mara nyingi jamaa na wenzake wa kazi walikuwa wakitazama. Wachoraji wa Katanga hawakusahau. Tshibumba Kanda Matulu wa Lubumbashi, pamoja na wenzake, katika miaka ya 1970 walichora picha nyingi zenye jina «Colonie Belge»: mtu amelala kifudifudi, askari ameinua fimbo, Mzungu anatazama. Picha hizo ziliuzwa zikatundikwa katika nyumba za watu. Mtoto aliyekula chakula chini ya picha ile kila siku, mumwambie leo kwamba ulalo ule ni wa ibada, atauliza.

Hata nabii Simon Kimbangu, aliyeanza kuhubiri na kuponya Nkamba mwaka 1921, katika mwaka uleule alihukumiwa fimbo 120 na kifo. Mfalme Albert aliibadili hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Akaletwa huku kwetu, Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, akakaa gerezani miaka 30, akafa tarehe 12 Oktoba 1951. Walitaka kumlaza chini, lakini imani yake haikulala.

Tulimjibu papa yule namna hii: «Papa, ulalo ni mmoja, lakini aliyekulaza si mmoja. Mkoloni alikulaza kwa nguvu ili akuondolee utu. Mungu hakulazi kwa nguvu. Unajilaza mwenyewe, na yeye anakuinua akiwa amekurudishia utu. Na usipotaka kulala, upige magoti. Mungu anaujua mgongo wako.» Papa akaketi. Hakuna aliyemlazimisha, wala hatamlazimisha mtu.

Na sisi watu wa Kambove tunaujua ulalo mwingine tena: ule wa mchimbaji. Vijana wetu wanaingia katika shimo wakitambaa na tumbo, taa kichwani, wakitafuta shaba na cobalt. Wanalala kifudifudi juu ya mkate wa watoto. Hiyo si ibada, lakini Mungu anaiona, na mama yao aliyelala kifudifudi nyumbani akiwaombea wakiwa shimoni, huyo naye anamwona.

6. BIBLIA INASEMA NINI?

Tukitafuta katika Biblia tunaona sababu nyingi za kulala kifudifudi. Tuzipange tano.

Kwanza, hofu ya utukufu. Abramu alianguka kifudifudi Mungu aliposema naye (Mwanzo 17:3). Ezekieli alianguka alipoona utukufu (Ezekieli 1:28). Petro, Yakobo na Yoane walianguka juu ya mlima waliposikia sauti (Mathayo 17:6).

Pili, kuombea wengine. Kora na watu wake walipomwasi Musa, Musa hakuchukua fimbo. Alianguka kifudifudi (Hesabu 16:4). Na Mungu alipotaka kuwaangamiza watu, Musa na Haruni walianguka tena kuwaombea walewale waliowatukana (Hesabu 16:22 na 16:45). Hapa viongozi wa kanisa tujifunze.

Tatu, huzuni. Ayubu alipopoteza mali na watoto, alianguka chini akasujudu (Ayubu 1:20). Hakuficha machozi yake, wala hakumtukana Mungu.

Nne, shukrani. Wenye ukoma kumi waliponywa, mmoja tu alirudi, akaanguka kifudifudi miguuni pa Yesu kumshukuru, naye alikuwa Msamaria (Luka 17:16). Kati yetu walioponywa ni wengi. Waliorudi ni wangapi?

Tano, kukubali mapenzi ya Baba. Hii ndiyo kubwa kuliko zote. Bwana wetu mwenyewe, katika Getsemane, alianguka kifudifudi akaomba kikombe kimwepuke, kisha akakubali kile Baba anachotaka (Mathayo 26:39). Mwana wa Mungu aliugusa udongo kwa uso wake. Nani kati yetu ni mkubwa wa kukataa?

Lakini tuangalie, si kila aliyeanguka kifudifudi aliabudu. Goliati alianguka kifudifudi pia, jiwe likiwa katika paji la uso wake (1 Samweli 17:49). Sanamu ya Dagoni ilikutwa asubuhi imeanguka kifudifudi mbele ya sanduku la Bwana (1 Samweli 5:3). Goliati na Dagoni walilala kama Musa alivyolala. Tofauti iko ndani.

7. MUNGU ANAPOSEMA: AMKA

Watu wengi wanajua kulala. Wachache wanajua kuamka. Soma Yoshua 7. Waisraeli wameshindwa vita kule Ai. Yoshua anararua mavazi yake, analala kifudifudi mbele ya sanduku mpaka jioni, pamoja na wazee, mavumbi vichwani. Ni maombi mazuri sana. Lakini Mungu anamwuliza juu ya nini amelala hivyo, anamwamuru ainuke. Juu ya nini? Kwa sababu kuna kitu kilichoibiwa kambini, kimezikwa katika hema ya Akani. Mungu hakutaka maombi mengine wakati ule. Alitaka kitu cha wizi kitoke.

Ndugu mmoja kati yetu alikuwa kiongozi wa kikundi cha wachimbaji. Waliuza mifuko ya mawe, yeye akapokea pesa, akawaambia wenzake kwamba mnunuzi hajalipa. Majuma mawili watoto wa wenzake walilala na njaa. Katika ibada ya usiku ndugu huyu alilala kifudifudi kuliko sisi wote, akilia. Katikati ya usiku mama mmoja mwenye kipawa cha unabii akasema maneno mafupi tu: «Kuna mtu hapa Mungu anamwambia aamke, aende nyumbani.» Hakutaja jina. Tulinyamaza. Baada ya muda ndugu yule akaamka, akatoka katika giza. Mbele ya jua kuchomoza alikuwa amepita katika malango ya wenzake wote, mmoja mmoja, na pesa mkononi. Jumapili alirudi akalala kifudifudi tena. Siku ile ulalo wake ulikuwa mwingine.

Tazama mambo haya katika Biblia yote: Ezekieli aliambiwa asimame (2:1). Danieli aliguswa akasimamishwa (10:10-11). Wanafunzi juu ya mlima waliguswa na Yesu, wakaambiwa wainuke bila woga (Mathayo 17:7). Hata Bwana katika Getsemane aliinuka, akaenda mbele kukutana na waliokuja kumkamata. Mungu hataki watu wa kulala siku zote. Anawalaza ili awasimamishe.

8. JE, TULALE KIFUDIFUDI MBELE YA MTU?

Swali hili limeleta maneno katika makanisa mengi, na sisi tusilikimbie. Kanisa letu ni la kinabii. Mungu ametupa watu wanaoona na kusema. Ni kipawa, tunakiheshimu. Lakini kumetokea watu wanaopita katika cité wakijiita manabii, wanawalaza mama na vijana kifudifudi mbele ya miguu yao, kisha wanaomba bahasha. Tuseme nini?

Kweli, katika Biblia watu waliinama mbele ya watu. Yakobo aliinama mara saba mbele ya Esau ndugu yake (Mwanzo 33:3). Ruthu alianguka kifudifudi mbele ya Boazi kwa shukrani (Ruthu 2:10). Abigaili alianguka mbele ya Daudi kuomba rehema kwa nyumba yake (1 Samweli 25:23). Hiyo ilikuwa heshima ya desturi, kama vile binti wa kwetu anavyopiga magoti akimpa baba mkwe maji.

Lakini Mordekai alikataa kumwinamia Hamani (Esta 3:2). Na Kornelio alipoanguka miguuni pa Petro na kumsujudia, Petro alimwinua, akamjulisha kwamba yeye naye ni mtu tu (Matendo 10:25-26). Hata malaika alimkataza Yoane, mara mbili, akamwambia amsujudie Mungu (Ufunuo 19:10 na 22:8-9). Petro alikuwa na funguo, malaika alikuwa na mabawa, na wote wawili walikataa.

Basi kipimo ni hiki: mtumishi wa kweli, ukilala mbele yake, atakuinua. Mtumishi wa uongo atakuacha chini, na mkono wake utatafuta mfuko wako. Katika kanisa letu wazee wamekubaliana: hakuna mtu atakayelala kifudifudi mbele ya nabii, mchungaji wala shemasi. Tunalala tukielekea mbele, ambapo Neno la Mungu limewekwa, na nabii naye analala pamoja nasi, katika mstari mmoja na mama mwuza mboga.

9. NAMNA YA KUFANYA

(a) Vua viatu, weka mkeka au kitambaa. Sakafu ya sementi katika mwezi wa sita na wa saba ina baridi kali, mifupa ya wazee haiwezi.

(b) Mama mwenye mimba asilale na tumbo. Apige magoti au aketi. Mwenye kidonda, aliyepasuliwa, mwenye ugonjwa wa pumzi au wa kifafa, afanye kama mwili wake unavyoweza.

(c) Mama na dada wajifunike kitambaa miguuni, na wanaume wawe upande wao. Mashemasi wasimame kulinda, ili mtu asikanyagwe na mtoto asipotee.

(d) Mtu akilala muda mrefu bila sauti wala kujigeuza, shemasi amguse. Usiseme tu kwamba Roho amemlaza. Huenda ameishiwa nguvu kwa kufunga chakula, huenda ni mgonjwa.

(e) Asipimwe mtu imani kwa muda aliolala. Farisayo alisimama akajisifu, lakini kuna na mtu anayejisifu akiwa amelala.

(f) Ukiwa peke yako nyumbani, funga mlango (Mathayo 6:6). Ulalo mzuri kuliko wote ni ule asiouona mtu.

10. KUMALIZA

Turudie yale maneno mawili yenye herufi moja katikati. Tulisema kwamba «prostate» maana yake ni anayesimama mbele. Mwalimu mmoja wa Biblia alitufundisha kwamba katika Warumi 16:2 Paulo anatumia neno la ukoo huohuo juu ya Foibe, mama aliyekuwa mtumishi, shemasi wa kanisa la Kenkrea. Amewasaidia wengi, Paulo naye akiwa mmoja wao. Amesimama mbele yao kama mwenye kuwalinda.

Ndugu zangu mashemasi, na ninyi nyote waamini, hayo ndiyo maisha yetu yote. Mbele ya Mungu tulale. Mbele ya wenye shida tusimame. Anayelala tu bila kusimama, kanisa lake ni la usingizi. Anayesimama tu bila kulala, kanisa lake ni la kiburi. Usiku ule wa papa wetu, tulilala kifudifudi karibu na kitanda chake dakika chache, kisha tukaamka tukatafuta pikipiki. Tusingelala, tungekwenda bila nguvu. Tusingeamka, tungemzika.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

1. Taja sababu tano za kulala kifudifudi katika Biblia. Wewe ulilala mara ya mwisho juu ya sababu gani?
2. Juu ya nini Mungu alimwamuru Yoshua ainuke? Je, kuna kitu kilichozikwa chini ya hema yako?
3. Petro alimfanyia Kornelio nini? Utamjulisha namna gani mtumishi wa uongo?
4. Katika lupango lako au jirani, ni nani anayehitaji mtu wa kusimama mbele yake juma hili? Mtaje, kisha muende.

Ee Baba, tunajitandika mbele yako kama mkeka. Utakapotugusa, utuinue, ututume. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.